Viza ya mwenza: mapenzi yanachunguzwa, mfuko ndio unaopimwa

Wanandoa wanaojiandaa kuomba viza ili mmoja amfuate mwenzake ng'ambo huhangaikia jambo moja: tutawaaminisha vipi kwamba tunapendana kweli? Wanachapisha picha za harusi, wanatafuta tiketi za zamani za ndege, wanapakua mazungumzo ya simu ya miaka mitatu, wanakariri tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe. Kisha jibu linakuja, maombi yamekataliwa, na sababu zilizoandikwa hazigusi mapenzi hata kidogo. Zinasema mdhamini hakuonyesha kipato kinachotakiwa, au mshahara ulioingia benki mwezi wa nne haulingani na hati ya mshahara ya mwezi huohuo.

Ndiyo maana nasema tunajiandaa kwa mtihani usio wenyewe. Swali la kama ndoa ni ya kweli bado limo kwenye fomu, na bado linawaangusha watu. Lakini katika nchi kadhaa tajiri uzito wa uamuzi umehama. Siku hizi swali zito ni lile linalomhusu mtu ambaye hata haombi viza: yule aliyeko huko anaingiza fedha kiasi gani kwa mwaka, na anaweza kuthibitisha kwa karatasi zipi? Mabadiliko hayo yameleta madhara ambayo hayasemwi vya kutosha, na mengine yanaonekana baada ya viza kutoka, ndani ya nyumba.

Tuanze na Uingereza, kwa sababu safari yake imeandikwa vizuri. Kuanzia miaka ya 1980 nchi hiyo ilikuwa na kanuni iliyomtaka mwombaji athibitishe kwamba kusudio kuu la ndoa yake halikuwa kuingia Uingereza. Yaani uthibitishe kitu ambacho hakimo kichwani mwako. Ofisa aliyekuwa na mashaka hakukosa pa kuyaegemeza: ukisema ungependa kuishi Uingereza, umejifunga mwenyewe, ukisema hujali utaishi wapi, kwa nini basi mwenzako asihamie kwenu? Kanuni hiyo ilivunja familia nyingi, na chama cha Labour kilipoingia madarakani mwaka 1997 kiliifuta ndani ya wiki chache.

Kabla haijafutwa kulitokea kisa ambacho kila anayefuatilia mambo haya angefaa kukijua. Wanawake watatu waliokuwa wakiishi Uingereza kihalali walikataliwa waume zao, wakati mwanaume mwenye hadhi kama yao aliweza kumleta mke kwa urahisi zaidi. Walifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, na Mei 1985 wakashinda kwa hoja ya ubaguzi wa kijinsia. Serikali ilifanya nini? Haikuwarahisishia wanawake. Iliwabana wanaume nao, masharti yakawa magumu sawasawa kwa wote. Usawa ukapatikana, na familia zikaumia pande zote mbili. Hukumu hiyohiyo ilisema pia jambo ambalo serikali nyingi hulitegemea hadi leo: kuheshimu maisha ya familia hakumaanishi kwamba dola inalazimika kukubali nchi ambayo wanandoa wamechagua kuishi.

Miaka 15 baada ya kanuni ya kusudio kufutwa, ikaja namba. Julai 2012, Theresa May akiwa waziri wa mambo ya ndani, mtu aliyetaka kumleta mwenza kutoka nje alitakiwa awe na kipato cha pauni 18,600 kwa mwaka, na zaidi ya hapo kama kulikuwa na watoto wasio raia. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kilipandishwa hadi pauni 29,000, na mpango uliotangazwa ulikuwa kukifikisha 38,700. Serikali iliyofuata ikausimamisha upandishaji huo na kuiagiza Kamati ya Ushauri wa Uhamiaji ilipitie suala zima upya.

Namba ina sifa moja, lazima niikubali: haimwangalii mtu usoni. Ofisa mwenye chuki na ofisa mwenye roho safi wanaisoma vilevile. Mwombaji naye anajua mapema anatakiwa kuwa na nini. Lakini hebu tuipige hesabu. Aprili hiyohiyo ya 2024, kima cha chini cha mshahara kwa mtu mzima Uingereza kilikuwa pauni 11.44 kwa saa. Fanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki zote 52, usiugue wala usikose zamu: utapata takriban pauni 23,795. Serikali inayosema mshahara huo ni halali na unamtosha mtu, ndiyo hiyo inayosema haumtoshi kuishi na mkewe. Wapishi, wahudumu wa wazee, wauzaji wa madukani, wafagiaji: kazi ya muda wote, kodi wanalipa, na bado wako chini ya mstari kwa zaidi ya pauni 5,000.

Kuna njia ya akiba, na watu huisikia nusunusu. Pauni 16,000 za kwanza hazihesabiwi kabisa. Baada ya hapo, pengo kati ya kipato chako na kiwango linazidishwa mara mbili na nusu. Mtu asiye na kipato chochote kinachokubalika anahitaji pauni 88,500, na ziwe zimekaa kwenye akaunti miezi sita. Mwenye akiba ya namna hiyo sidhani kama ndiye aliyekuwa akiwakosesha watunga sera usingizi.

Linaloshangaza zaidi ni nani anayehesabiwa. Mshahara anaoupata mwombaji huko aliko hauhesabiwi. Hata akiwa ameshapewa barua ya ajira Uingereza, barua hiyo haimsaidii kufikisha kiwango. Chukua mfano wa daktari bingwa anayeolewa na mlinzi wa usiku: maombi yanapimwa kwa mshahara wa mlinzi. Akiba ya daktari inaweza kuhesabiwa, uwezo wake wa kufanya kazi hapana. Familia inayokuja kuwa na watu wazima wawili wenye mikono minne inapimwa kana kwamba mmoja wao ni mzigo ulioletwa na posta.

Watetezi wa kiwango wana jibu moja kubwa, nalo ni kulinda fedha za walipa kodi. Wanasema asiyeweza kumtunza mwenza wake ataishia kuomba misaada ya serikali. Lingekuwa jibu zuri kama anayekuja angekuwa na haki ya kuomba misaada hiyo. Hana. Viza ya mwenza ya Uingereza inatolewa kwa sharti la kutogusa misaada ya umma, na sharti hilo linadumu hadi apate ukaazi wa kudumu, ambao kwa kawaida ni baada ya miaka mitano. Zaidi ya hapo, tangu Februari 2024 analipia huduma ya afya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, fedha zinazotolewa kabla hajapanda ndege, na akianza kazi atakatwa kodi kama wengine. Mlipa kodi analindwa dhidi ya nini hasa?

Mahakama ya Juu ya Uingereza iliitazama kanuni hii Februari 2017. Ilikiri kwamba inawatesa wengi, wakiwemo wasio na kosa lolote, lakini ikasema hilo pekee haliifanyi iwe kinyume cha sheria. Kilichowakera majaji zaidi ni namna maslahi ya watoto yalivyopuuzwa, na namna maofisa walivyozuiwa kuangalia vyanzo vingine vya fedha, kama msaada wa uhakika kutoka kwa ndugu. Kanuni zikarekebishwa hapo. Ndiyo maana leo asiyefikia kiwango anaweza kujenga hoja ya mazingira ya kipekee, ila ajue kwamba anaomba apite kwenye tundu, mlango haukupanuliwa.

Wengine walishapita njia hii na wakasimamishwa. Uholanzi iliwahi kudai kipato cha asilimia 120 ya kima cha chini cha mshahara. Machi 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema hapana: chini ya maagizo ya Umoja huo ya mwaka 2003, kuunganisha familia ndiyo kanuni na kuzuia ndiyo hali ya pekee, hivyo nchi inaweza kuwa na kiwango cha kuanzia, lakini haiwezi kumkataa mtu kwa sababu tu hakukifikia, bila kumtazama yeye mwenyewe na hali yake. Nimeisoma hoja hiyo mara nyingi na bado sijaona iliyoishinda.

Marekani imechagua njia yake. Kiwango chenyewe ni cha chini: asilimia 125 ya mstari wa umaskini wa serikali kuu, ambao kwa kaya ya watu wawili mwaka 2025 ulifanya takriban dola 26,437 katika majimbo mengi. Mdhamini asipofikisha anaweza kumleta mdhamini mwenza, awe ndugu, rafiki au jirani, mradi ni raia au mkaazi wa kudumu anayeishi humo. Hilo ni jambo la busara. Lakini soma unachosaini. Kiapo cha udhamini ni mkataba unaoweza kudaiwa mahakamani, na hauishi ndoa inapoisha. Unaisha mgeni akipata uraia, akikamilisha robo 40 za kazi, ambazo ni kama miaka kumi, akiondoka nchini moja kwa moja na kupoteza ukaazi wake, au mmoja wao akifariki. Talaka haimo kwenye orodha hiyo. Wapo watu waliotoa udhamini kwa furaha ya fungate wakaja kugundua mbele ya jaji kwamba bado wanamtunza mtu ambaye hawasalimiani naye.

Na Kanada? Kwa mume, mke au mwenza, kwa kawaida haina kiwango cha chini cha kipato, isipokuwa katika hali chache. Mdhamini anatoa ahadi ya kumtunza mwenzake kwa miaka mitatu, na asiwe mtu anayeishi kwa misaada ya serikali, isipokuwa ile ya ulemavu. Basi. Nawaachia wanaosema kwamba bila kiwango kikali hazina ya nchi itakauka waeleze kwa nini hazina ya Kanada haijakaukia kwa wake na waume wa watu.

Upande wa mapenzi nao una yake. Si kwamba maofisa hawauchunguzi. Wanauchunguza, na wakati mwingine kwa namna ya kuchekesha. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, ila wahenga hawakuwahi kupanga foleni ubalozini. Australia ndiyo iliyoandika waziwazi kile inachokitafuta. Kanuni zake zinataja mambo manne: fedha zenu mnaziendeshaje, nyumba yenu mnaiendeshaje, watu wanawajua vipi kama wenza, na mmejifunga kwa kiasi gani kwa siku zijazo. Ada yake inazidi dola 9,000 za Australia, kwa hiyo angalau unajua unalipia maswali gani.

Tatizo la vipimo vya namna hii ni kwamba vina sura moja ya ndoa kichwani: watu wawili waliokutana wenyewe, wakakaa nyumba moja, wakafungua akaunti ya pamoja, wakaweka majina yote mawili kwenye mkataba wa pango. Wapo wanandoa wengi duniani ambao dini au familia hairuhusu kukaa pamoja kabla ya ndoa. Wapo ambao posa ilipelekwa na wazee na mazungumzo yao ya simu kabla ya harusi yanajaza kurasa mbili. Wapo wasioweka fedha pamoja, na ndoa yao ina miaka 20. Hakuna kati ya hawa anayedanganya. Ila faili lao ni jembamba, na ofisa mwenye mafaili mengi mezani husoma wembamba kama dalili. Ushauri wangu kwa walio katika hali hiyo ni kutoighushi ndoa ya watu wengine. Eleza ndoa yako ilivyofungwa, kwa barua, kwa mtiririko, na uweke maelezo ya waliokuwepo. Ofisa anaweza kuelewa mila asiyoijua kama kuna mtu aliyejisumbua kumweleza.

Cheti chenyewe kinahitaji uangalifu zaidi kuliko picha. Kwa kawaida ndoa hupimwa kwa sheria ya mahali ilipofungiwa: kama huko ndoa ya dini au ya kimila isiyosajiliwa haitambuliki kisheria, ubalozi nao hautaitambua. Aliyewahi kuoa au kuolewa lazima aonyeshe talaka au cheti cha kifo cha mwenza wa awali. Mke wa pili, mume akiwa bado na wa kwanza, hapati viza ya mwenza Uingereza, Marekani wala Kanada, hata kama ndoa yake ni halali kabisa kwao. Na ndoa iliyofungwa bwana harusi akiwa kwenye simu, Marekani haiihesabu mpaka wawili hao wawe wamekutana kimwili baada ya kuifunga. Ndiyo, sheria yao inalisema hilo.

Kwa wasiooana, mlango upo ila uzio ni mrefu. Kanada inataka miezi 12 mfululizo ya kuishi pamoja. Uingereza inataka uhusiano unaofanana na ndoa uliodumu miaka miwili, ingawa tangu mwanzoni mwa 2024 haing'ang'anii tena kwamba muda wote huo muwe mmeishi chini ya dari moja. Marekani ina viza ya wachumba: muwe mmeonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya kuomba, na mkishaingia mfunge ndoa ndani ya siku 90.

Hapo ndipo mtego unapojifunga. Ili kuthibitisha uhusiano mnatakiwa muwe mmeonana, na ikiwezekana mmeishi pamoja. Ili muonane, yule mwenye pasipoti isiyo na nguvu anaomba viza ya matembezi. Sheria ya Marekani inamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa ni mhamiaji mpaka athibitishe vinginevyo, na kuwa na mchumba huko ndiyo sababu ya kwanza ya kumtilia mashaka. Kwa hiyo anakataliwa kutembelea kwa sababu ana uhusiano, kisha anakataliwa viza ya mwenza kwa sababu uhusiano hauna ushahidi wa kutembeleana. Anayevunja mduara huo ni yule mwenye pasipoti nzuri, akiwa na likizo ya kutosha na nauli. Tumerudi kwenye mfuko.

Kuhusu mitihani ya lugha nitasema machache. Ujerumani inataka Kijerumani cha ngazi ya A1, ambayo ni ya chini kabisa, kabla ya kuingia tangu Agosti 2007, Uingereza Kiingereza cha ngazi hiyohiyo tangu Novemba 2010, na Uholanzi ilianza mtihani wa lugha na jamii mwaka 2006, unaofanywa ukiwa bado kwenu. Kujifunza lugha ya mahali unapokwenda kuishi ni jambo jema. Ila Ujerumani inawasamehe mtihani huo raia wa Marekani, Japani, Australia na nchi nyingine kadhaa, ambao Kijerumani hakiwaingii kichwani kirahisi kuliko wengine. Mwenye macho anaona.

Sehemu inayoonyesha vizuri zaidi kwamba masharti haya ni uamuzi wa kisiasa ni daraja la Øresund, kati ya Copenhagen na Malmö, lililofunguliwa mwaka 2000. Miaka miwili baadaye Denmark ikapitisha sheria kali: wanandoa wote wawili wawe wametimiza miaka 24, wawe na mafungamano makubwa zaidi na Denmark kuliko nchi nyingine yoyote, na kuwe na dhamana ya benki. Raia wengi wa Denmark waliokuwa wamependa nje wakafanya kitu rahisi. Wakahamia ng'ambo ya daraja, Uswidi, na kuendelea kwenda kazini Copenhagen kwa treni. Huko Uswidi hawakuwa tena wenyeji. Walikuwa raia wa Umoja wa Ulaya waliohamia nchi nyingine mwanachama, na sheria ya Umoja iliwapa haki ya kuwa na wenza wao. Raia aliyebaki nyumbani alikuwa na haki ndogo kuliko aliyeondoka. Njia ya kuondoka, kisha kurudi nyumbani na mwenza kwa haki hizohizo, ilikuwa imefunguliwa na mahakama ya Umoja tangu 1992, na Waingereza wengi waliokwama chini ya pauni 18,600 waliitumia kupitia Ireland na kwingineko hadi nchi yao ilipojitoa kwenye Umoja. Mtu yuleyule, mke yuleyule, mshahara uleule. Kilichobadilika ni upande wa maji aliokuwa amesimama.

Sasa niingie ndani ya nyumba, kama nilivyodokeza mwanzoni. Viza ya mwenza humfanya mmoja wa wanandoa kuwa mlinzi wa mlango wa mwenzake, na mlango huo haufungwi siku ya kufika. Uingereza inatoa miezi 33 kwanza, kisha mingine 30, na kila mara uhusiano na kipato vinakaguliwa upya. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1986 dhidi ya ndoa za ulaghai, inampa mwenye ndoa changa ya chini ya miaka miwili ukaazi wa masharti, na kabla miaka mingine miwili haijaisha wawili hao wanatakiwa waombe pamoja masharti yaondolewe. Pamoja. Maana yake saini ya mume au mke ndiyo inayotenganisha kubaki na kurudishwa.

Hapo hatuhitaji mawazo mengi kujua kinachofuata katika nyumba yenye mtu mkorofi. "Nitawapigia uhamiaji simu" inakuwa silaha ya kila siku. Anayepigwa anavumilia kwa sababu anahesabu miezi. Na kadiri kiwango cha fedha kilivyo kikubwa, ndivyo deni linalosemwa mezani linavyokuwa kubwa: mimi nilifanya kazi mbili ili wewe uje. Nchi zenyewe zimelitambua tatizo. Marekani iliweka njia ya aliyenyanyaswa kujiombea mwenyewe bila saini ya mwenzake, hasa kupitia sheria ya mwaka 1994 juu ya ukatili dhidi ya wanawake, nayo inawahusu wanaume pia. Uingereza ina utaratibu wa kumruhusu mwenza aliyekimbia ukatili kuomba ukaazi wa kudumu, na kupata misaada ya umma kwa muda wakati akijiandaa kuomba. Taratibu hizi zipo, zinafanya kazi kwa wanaozijua, na wanaozihitaji zaidi ndio wasiozijua. Anayejiandaa kusafiri azisome kabla hajaondoka, hata kama anaolewa na malaika.

Kwa mwenye maombi mkononi leo, nisimwache na malalamiko matupu. Anzeni na karatasi za mdhamini, si albamu ya harusi. Kwa Uingereza, mwajiriwa aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita kwa kipato kinachotosha ana kazi nyepesi kuliko aliyebadili kazi juzi kwa mshahara mkubwa zaidi. Wengi huharibu maombi yao kwa kupandishwa cheo mahali pengine wakati mbaya. Kila hati ya mshahara ioane na kilichoingia benki. Mdhamini ambaye yeye pia anaishi nje ya nchi yake, akipanga arudi pamoja na mwenza wake, aanze kutafuta barua ya ajira mapema, kwa sababu mshahara wa huko nje peke yake hautoshi. Na asiwepo wa kuwashawishi kutengeneza hati. Udanganyifu kwenye maombi ya Uingereza unaweza kukufungia mlango miaka 10, Kanada miaka mitano, na Marekani kizuizi ni cha maisha isipokuwa upate msamaha maalumu. Faili la kweli lililokataliwa linaombewa tena. La uongo linakuandama.

Msitegemee sana mahakama, pia. Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba raia hana haki ya msingi ya kikatiba ya kuona mwenza wake asiye raia akiingizwa nchini. Katika kesi hiyo ofisa wa ubalozi alimkataa mume kwa kumshuku kuwa ni mwanachama wa genge, michoro yake ya mwilini (tatuu) ikiwa sehemu ya shaka hiyo, na mke, ambaye ni raia, alichukua miaka kufahamu sababu yenyewe. Alishindwa.

Kinachoweza kubadilika ni kanuni, na kanuni hubadilishwa na wanasiasa wakisukumwa. Kamati ya Uingereza niliyoitaja ilitoa ripoti yake Juni 2025. Ilionya kwamba kufikia pauni 38,700 kungegongana na wajibu wa nchi wa kuheshimu maisha ya familia, na ikaonyesha kwamba kiwango cha kati ya 23,000 na 25,000 kingemwezesha mtu wa kima cha chini, anayefanya kazi muda wote, kuishi na mwenzake. Ni mwanzo. Mimi ningeongeza mawili. Kwanza, uwezo wa wote wawili uhesabiwe, pamoja na ajira ambayo mgeni ameshaipata. Pili, kibali cha anayekuja kisitegemee hiari ya aliyemleta. Kanada iliwahi kuweka sharti la miaka miwili ya kuishi pamoja kwa wenza wapya, Oktoba 2012, ikisema inapambana na ndoa za ulaghai. Aprili 2017 ililifuta, kwa sababu lilikuwa linawafungia watu ndani na wanaowanyanyasa. Tangu hapo mwenza aliyedhaminiwa anaingia na ukaazi wake wa kudumu, kwa jina lake, kuanzia siku ya kwanza.